Bourbon ya miaka miwili kwa dola 55: unalipia nini?

Kwenye rafu ya duka la vileo hapa Lexington, jimbo la Kentucky, chupa mbili zimepangwa bega kwa bega. Moja imetoka kwa kampuni kubwa ya hapahapa Kentucky. Imelala kwenye pipa miaka isiyopungua minne, ina kilevi asilimia 50, na bei yake haifiki dola 25. Ya pili imetoka kwenye mtambo mdogo ulioanza juzijuzi; ina miaka miwili, kilevi asilimia 45, na inauzwa dola 55. Zote mbili ni bourbon, wiski ya Kimarekani ya mahindi, zote zina mililita 750. Mwenye kujali pesa yake lazima ajiulize: hii changa inanidai dola 30 za ziada kwa lipi hasa?

Mji huu una wasemaji wengi wa Kiswahili, wengi wao ndugu zetu waliotoka Congo, na harusi ikikaribia simu yangu hupokea picha za chupa: "Kaka, hii vipi? Inafaa?" Huwa najibu kwa hamu, maana ndani ya swali hilo kuna mafundo matatu na watu huyavuta yote kwa mpigo. Kuna kilichopikwa. Kuna kilichofanywa na mbao. Na kuna gharama za aliyepika. Ulimi unaonja hayo mawili ya kwanza. Mfuko unalipia zaidi hilo la tatu. Ukishayatenganisha, unaweza kusema bila kusita kwamba chupa fulani ni nzuri lakini si kwa bei hiyo, au kwamba bado ni changa na hata hivyo inastahili kila dola.

Sheria inasemaje kuhusu umri

Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuitambua bourbon kuwa zao la kipekee la nchi hiyo. Wengi hudhani lazima itoke Kentucky. Sivyo, inaweza kupikwa jimbo lolote la Marekani, mradi mahindi yasipungue asilimia 51 ya nafaka zote. Ikitoka mtamboni kilevi kisizidi asilimia 80, ikiingia kwenye pipa kisizidi 62.5, na pipa lenyewe liwe jipya, la mwaloni, lililochomwa ndani kwa moto. Kwenye chupa kilevi kisishuke chini ya asilimia 40. Hairuhusiwi kutiwa rangi wala ladha. Kinachoongezwa ni maji tu.

Katika masharti hayo yote hamna umri wa chini. Wiski iliyokaa miezi mitatu kwenye pipa jipya ni bourbon halali Marekani, ingawa Umoja wa Ulaya haukubali kinywaji chochote kiitwe wiski kabla hakijafikisha miaka mitatu. Kwa hiyo lebo ndiyo ya kusomwa kwa makini. Ikiandikwa "Straight", imelala angalau miaka miwili. Ikiwa haijafikisha miaka minne, sheria inadai umri utajwe, na umri huo ni wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Geuza chupa, tafuta maandishi madogo upande wa nyuma. Mara nyingi ndiko yalikojificha.

Kuna alama moja ninayoiamini kuliko maneno yote mengine ya lebo: "Bottled-in-Bond". Imetokana na sheria ya mwaka 1897, enzi ambazo wachuuzi walichakachua wiski kwa maji ya tumbaku na takataka nyingine. Sheria hiyo inataka wiski itoke mtambo mmoja, ndani ya msimu mmoja wa miezi sita, ilale angalau miaka minne kwenye ghala lililo chini ya uangalizi wa serikali kuu, na iwekwe kwenye chupa ikiwa na kilevi cha asilimia 50 kamili. Neno "craft" (kazi ya ufundi) halina maana yoyote katika sheria hizo, na "small batch" (mpiko mdogo) vilevile. Kampuni inayojaza mapipa elfu moja kwa siku inaweza kuyaandika yote mawili na isiguswe na mtu.

Kinachotoka mtamboni

Jirani yangu ni mzee wa Lubumbashi. Siku moja nilimmiminia kidogo katika wiski ambayo haijawahi kuona pipa, nyeupe kama maji, ambayo Wamarekani huiita mbwa mweupe. Alinusa, akaiweka glasi mezani, akaniangalia. "Ndugu yangu, hii ni lutuku."

Hakukosea. Lutuku ya Katanga, gongo na chang'aa ya mahindi ni binamu wa damu wa bourbon. Nafaka inasagwa, inapikwa uji, kimea kinageuza wanga kuwa sukari, hamira inaila sukari na kutoa kilevi, kisha moto unakitenga kilevi na maji. Aliyekulia karibu na jiko la namna hiyo tayari ana nusu ya elimu anayoihitaji hapa, hata kama hakuwahi kuonja tone.

Kinachomtofautisha mpishi na mpishi ni mahali anapokata. Mtambo unapoanza kutiririsha, mvuke wa kwanza hubeba vitu vikali vinavyonuka kama rangi ya kucha au maji ya kuchanganyia rangi ya milango. Hicho ni kichwa. Baadaye unakuja moyo, msafi na mtamu, wenye harufu ya mahindi. Mwishoni unafuata mkia: mzito, wa mafutamafuta, unaokumbusha maboksi yaliyolowa mvua. Mpishi anakinga moyo, na kichwa na mkia anavitenga, avimwage au avirudishe kwenye mpiko mwingine. Kwenye mtambo mdogo wa chungu, uamuzi huo hufanywa kwa pua ndani ya dakika chache. Mwenye mkopo wa benki anatamani kila lita, na akichelewa kukata, hata kwa ndoo moja, uroho huo utaonekana kwenye glasi yako miaka miwili baadaye.

Jambo hili watu wengi hawaambiwi. Miaka minane ndani ya pipa inaweza kusamehe makosa mengi. Asidi nzito za mkia hukutana na kilevi polepole na kuzaa esta zenye harufu ya matunda, na ukali wa kichwa hupungua. Kuna wapishi wanaopanga kusubiri muda mrefu na kwa makusudi huacha sehemu ya mkia iingie, wakijua itakuja kuwa hazina. Miaka miwili haitoshi kwa kazi hiyo. Anayetaka kuuza mapema lazima akate kwa wembamba, apoteze lita nyingi zaidi, abaki na moyo mtupu. Ndiyo maana naipenda bourbon changa: inamwanika aliyeipika. Kwenye wiski ya miaka kumi naonja mwaloni na subira ya ghala. Kwenye hii naonja mkono wa mtu.

Mbao zina saa mbili

Pipa la kawaida la bourbon lina ujazo wa kama lita 200, limeundwa kwa mwaloni mweupe wa Marekani na kuchomwa ndani kwa moto, wakati mwingine karibu dakika nzima, hadi mbao zipasuke kama ngozi ya mamba. Tabaka la makaa hunyonya harufu za kiberiti. Chini yake mbao zilizoungua nusu hutoa ladha. Lignini, inayoshikilia mbao pamoja, inavunjika na kutoa vanilini, harufu ya vanila, sukari za mbao zinageuka tofi, laktoni zinaleta harufu ya nazi. Humo pia mna eujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Mtu wa pwani akiniambia ananusa karafuu kwenye bourbon, namwamini moja kwa moja.

Haya ya kutoka kwenye mbao hayachukui muda mrefu. Miezi michache ya joto la kiangazi inatosha kuipa wiski rangi na vanila. Saa hiyo ya kwanza inakwenda mbio. Saa ya pili ni ya hewa, na inatambaa: oksijeni inapenya kwenye mbao kidogo kidogo, esta zinajijenga, ukali unayeyuka, na sehemu ya wiski inaondoka kabisa kwa mvuke. Hapa Kentucky upotevu huo ni kama asilimia 3 hadi 5 kwa mwaka, na Texas, kwenye joto lake, ni mkubwa zaidi. Hakuna aliyeweza kuiharakisha saa hii kikamilifu, ingawa wengi wamejaribu.

Jaribio linalojulikana zaidi ni la mapipa madogo. Ukipunguza pipa kutoka lita 200 hadi 20, kila lita ya wiski inagusa mbao zaidi ya mara mbili. Tuthilltown Spirits ya Gardiner, New York, ilianza hivyo na Hudson Baby Bourbon, bourbon ya kwanza kutengenezwa jimboni humo tangu marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933. Ilitumia mapipa madogo sana, ikafika hadi kuyapigia muziki mzito ghalani ili mitetemo iisukume wiski kwenye mbao. Chupa yake ilikuwa nusu, mililita 375, na bei yake ilishindana na chupa nzima za Kentucky. Watu waliinunua kwa furaha, nami naelewa kwa nini: ilikuwa kitu kipya, kutoka mahali papya.

Buffalo Trace ya Frankfort, Kentucky, nayo ilijaza mapipa ya lita kama 19, 38 na 57 kwa mchanganyiko wake wa kawaida wa nafaka, ikayatazama kwa miaka sita. Mwaka 2012 ilitangaza kwamba hakuna hata moja lililofika kiwango chake. Wiski ilikuwa imechukua rangi na moshi wa mbao, lakini kina cha bourbon iliyokomaa hakikuwamo. Ni sawa na wali uliopikwa kwa moto mkali, chini ukoko umeungua na juu punje bado zina kiini.

Kwa hiyo rangi isikudanganye. Bourbon ya mwaka mmoja yenye wekundu wa chai ya rangi iliyokolea haikutiwa rangi, sheria hairuhusu. Ina uwezekano mkubwa wa kuwa imelala kwenye pipa dogo au kwenye joto kali. Ladha yake ndiyo itakayokueleza kama saa ya pili ilipata nafasi.

Nani hasa ameipika?

New Riff, mtambo ulioanza mwaka 2014 mjini Newport, kaskazini mwa Kentucky, uliamua kutumia mapipa ya kawaida na kusubiri. Bourbon yake yenyewe ilitoka mwaka 2018 ikiwa na miaka minne na alama ya Bottled-in-Bond: mahindi asilimia 65, rai (nafaka ya jamii ya ngano, kwa Kiingereza rye) asilimia 30, kimea cha shayiri asilimia 5. Wakati wa kusubiri iliuza wiski iliyonunuliwa Indiana, na ikasema wazi kwamba haikuipika yenyewe.

Wengine hawasemi. Pale Lawrenceburg, Indiana, kipo kiwanda chenye historia inayorudi hadi mwaka 1847, leo kikimilikiwa na kampuni ya MGP, kinachopika wiski kwa ajili ya lebo nyingi za watu wengine. Wiski yake ni nzuri sana. Sina neno dhidi yake. Malalamiko yangu ni pale unapolipa dola 60 ukidhani unamsaidia mpishi mdogo wa kijijini, kumbe umenunua wiski ya kiwanda kikubwa iliyovishwa hadithi ya babu. Templeton Rye ya Iowa ilishitakiwa na wateja kwa jambo la namna hiyo, maana wiski yake ilipikwa Indiana, na kesi ikaisha kwa maelewano mwaka 2015. Tazama kitenzi kwenye lebo. "Distilled by" maana yake huyu ndiye aliyepika. "Bottled by" (ameiweka kwenye chupa) au "Produced by" (ameitengeneza) haithibitishi hivyo. Na kama wiski ilipikwa jimbo lingine, sheria inataka jimbo hilo litajwe. Ukikuta anwani ya Colorado na chini yake, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, "Distilled in Indiana", umeshapata jibu.

Dola 30 zinakwenda wapi

Mtambo mkubwa wa Kentucky unajaza mapipa zaidi ya elfu moja kwa siku. Mdogo unajaza mawili, matatu, pengine matano. Mkubwa unapokea mahindi kwa malori yanayofuatana, mdogo kwa magunia. Wote wanamlipa mpishi mshahara, wote wanalipia bima ya moto, lakini mmoja anagawa gharama hiyo kwa mapipa elfu na mwingine kwa matatu. Pipa jipya moja ni mamia ya dola, na baada ya kutumika haliwezi kupokea bourbon tena. Chupa, kizibo na lebo, kwa anayeagiza elfu chache, vinamgharimu zaidi kwa kila kimoja.

Halafu kuna njia ya kufika dukani. Tangu marufuku ya pombe ilipoondolewa mwaka 1933, sehemu kubwa ya Marekani inafuata mfumo wa ngazi tatu: mpishi anamuuzia msambazaji, msambazaji anaiuzia duka, duka linakuuzia wewe. Kila ngazi ina faida yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya zile dola 55 haimfikii kabisa aliyesimama mbele ya mtambo.

Kodi, kwa mara moja, inampendelea mdogo. Kiwango kamili cha kodi ya serikali kuu ni dola 13.50 kwa kila galoni yenye kilevi cha asilimia 50. Kwa galoni laki moja za kwanza za kila mwaka kiwango ni dola 2.70, na punguzo hilo lilifanywa la kudumu Desemba 2020. Kwa chupa ya mililita 750 yenye kilevi cha asilimia 45, kodi inashuka kutoka kama dola 2.41 hadi senti 48. Ni msaada wa kweli, ila haufuti pengo la dola 30.

Gharama nzito kuliko zote ni kusubiri. Wiski iliyolala ghalani ni pesa iliyofungiwa huku riba ya mkopo ikitembea na mvuke ukiondoka na sehemu yake. Kentucky inatoza hata kodi ya mwaka kwa kila pipa lililolala, na sheria ya 2023 inaiondoa polepole kuanzia 2026 hadi 2043. Chupa ya miaka miwili iko dukani leo kwa sababu aliyeipika alihitaji kula kabla haijafika minne. Mimi simlaumu. Lakini namtaka aniandikie hiyo miwili kwa herufi ninazoweza kuzisoma bila kuvaa miwani.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya dola 30 zile inalipia udogo wa mtambo. Je, ndani yake kuna kitu cha kuonja? Wakati mwingine kipo, nacho ndicho ninachokitafuta. High Wire ya Charleston, South Carolina, inapika bourbon kwa mahindi mekundu ya Jimmy Red, mbegu ya zamani ya Kusini iliyokaribia kupotea kabisa, wakati kampuni kubwa zinanunua mahindi ya njano ya kawaida ya soko. Peerless ya Louisville inajaza mapipa kwa kilevi cha asilimia 53.5 badala ya kwenda hadi 62.5 inayoruhusiwa. Hilo linamlazimu kununua mapipa mengi zaidi kwa wiski ileile, lakini chupa haihitaji kuongezewa maji mengi mwishoni na ladha haififii. Huko ni kulipia uamuzi wa mpishi, na uamuzi huo ulimi unaweza kuukuta. Kwa hayo natoa pesa bila kinyongo.

Kuonja yenyewe

Chupa ya dola 55 niliyoitaja mwanzoni niliionja nyumbani, Jumamosi jioni, kabla ya chakula. Nilimwaga toti moja, mililita kama 44, kwenye glasi ndogo yenye mdomo mwembamba kuliko tumbo, nikaifunika kwa kisahani na kuiacha dakika kumi. Wiski changa inahitaji muda huo. Ukali wa juu unapungua, na yaliyo chini yanapanda.

Usiingize pua kwenye glasi kama unayenusa ua. Anzia kidevuni, mdomo ukiwa wazi kidogo, uisogeze taratibu. Harufu ya kwanza ilikuwa mahindi mabichi ya kuchemsha, yale yanayouzwa barabarani yakiwa bado na majani. Sikuyaona kuwa kosa, kinywaji hiki kimezaliwa humo. Chini yake palikuwa na vanila nyepesi na kitu kama sukari guru. Nilitafuta rangi ya kucha nisiipate, wala maboksi yaliyolowa. Nikadondosha tone kwenye kiganja, nikasugua viganja vyote viwili hadi kilevi kikapotea, nikanusa tena. Hapo mbao na nafaka hubaki peke yake, na mpishi mchafu hana pa kujificha. Nilisikia unga wa mahindi uliotoka mashineni, bado wa moto. Moyoni nikasema, huyu mpishi anajua kukata.

Funda la kwanza halihesabiwi, ni la kuuzoesha mdomo. La pili nililiacha likae ulimini hesabu ya kumi. Lilianza kwa utamu mwepesi, likafuatiwa na pilipili manga, na baada ya hapo ukaja ukakasi. Sina neno bora kuliko hilo kwa kile mwaloni unachofanya ukiharakishwa. Ni ukakasi uleule wa bibo lisiloiva, mashavu yanavutwa ndani na ulimi unakauka. Tanini, zile chembe za mbao zinazoleta ukakasi, zilikuwa nyingi kuliko mwili wa wiski yenyewe. Nilitia kijiko kimoja cha chai cha maji; harufu ikafunguka vizuri, lakini ukakasi ukabaki palepale. Sikushangaa kusoma nyuma ya chupa kwamba ililala kwenye mapipa madogo.

Ukiona wiski changa inachoma, jiulize inachoma namna gani. Kuna moto wa kilevi kisafi, unaopita kifuani kama chai ya tangawizi na kwisha. Kuna moto mwingine unaokwaruza nyuma ya koo na kupanda puani na harufu ya dawa. Wa kwanza ni wa umri na utapungua. Wa pili ni wa mpishi, na hata ukisubiri miaka mingi sina hakika utaondoka wote.

Kisha nilifanya jambo ambalo namsihi kila mtu alifanye kabla ya kutoa hukumu. Nilimwomba mke wangu ajaze glasi mbili jikoni, moja ya chupa hii na moja ya ile ya dola 25, anipe bila kunieleza ipi ni ipi, na ile yenye asilimia 50 aishushe kwa maji hadi nguvu zikaribiane. Bei ina sauti kubwa. Ukijua ipi ni ya dola 55, ulimi wako utaanza kuitetea. Bila kujua, niliipenda ile ya dola 25 kwa kinywa, na hii changa kwa pua. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari, na sijafuta.

Hesabu nayo ina nafasi yake. Chupa ya mililita 750 inatoa toti 17. Kwa dola 55, kila toti ni kama dola 3.25, kwa dola 25, ni kama dola 1.50. Nguvu pia inahesabika: chupa ya asilimia 50, ukiishusha kwa maji hadi 45, inakupa mililita 833, karibu toti mbili za ziada ambazo hazikuandikwa kwenye bei. Na kama mpishi ana kaunta ya kuonjea mtamboni kwake, kama walivyo wengi hapa Kentucky, onja pale kwanza. Toti moja ya dola chache itakuokoa na chupa ya 55 itakayokaa kabatini hadi ipate vumbi.

Ningelipa ngapi basi? Kwa hii, 35. Nafaka yake ni safi na mkono wa mpishi ni mzuri, lakini mbao zimemzidi nguvu. Kwa 55 ningetegemea miaka minne kwenye pipa la lita 200, na zipo za mitambo midogo zilizofika huko kwa dola 40 tu, ile ya New Riff ikiwamo. Mwanzoni mwa 2025 Kentucky ilikuwa na mapipa zaidi ya milioni 16 ghalani, jimbo lenye watu wapatao milioni nne na nusu. Wiski iliyokomaa ipo tele, na mpishi mdogo anayeuza changa kwa bei ya juu anashindana na bahari hiyo. Anayejua kukata namna ile ningependa adumu. Nimemwandikia barua fupi kumwambia kwamba kama ana pipa moja kubwa alilolisahau kwenye kona ya ghala, mimi nitalisubiri.

Glasi yangu sikuiosha usiku ule. Asubuhi, kabla ya chai, niliichukua ikiwa kavu, na utandu mwembamba umebaki chini, nikainusa. Kilevi chote kilikuwa kimekwenda. Humo ndani palikuwa na mahindi ya kuchoma, karafuu kidogo, na harufu ya seremala akiranda ubao mpya.